Kanisa la kale kwa karatasi: kata paa mwisho

Modeli yangu ya kwanza ya kanisa iliharibikia paani. Nilichora vipande vyote, nikavikata vyote jioni ile ile, nikavipanga mezani kwa zamu kama nguo zinazongoja pasi. Kuta zikasimama vizuri. Nilipoweka paa, upande mmoja ukakaa, wa pili ukabaki unaelea milimita tatu juu ya ukuta. Nilirudia hesabu mara mbili, haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika utaratibu wa kazi. Karatasi ina unene, kila sikio la gundi (ule ukingo mdogo unaokunjwa na kupakwa gundi) linaongeza unene wake, kila mkunjo unakula kidogo, na hayo yote hupanda juu na kukutana paani.

Ukitazama makanisa ya kale utaona kwamba walioyajenga hawakuwa na haraka ya kukata paa. Kanisa kuu la Köln, Ujerumani, lilianza kujengwa mwaka 1248 na kukamilika 1880. La Chartres, Ufaransa, lina minara miwili isiyofanana: wa kusini ni wa karne ya 12, na wa kaskazini ukapata kilele chake cha sasa mwanzoni mwa karne ya 16, ukawa mrefu zaidi kwa mita kadhaa. Kila fundi alikuta kitu kimesimama, akakipima, ndipo akaongeza chake. Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Utajenga kanisa boksi baada ya boksi, na kila boksi jipya litapimwa kutokana na lililokwisha kusimama.

Kanisa nitakalotumia kama mfano ni la mtindo wa Kiromaneski (Romanesque), uliotangulia ule wa Kigothiki, lenye matao ya duara: ukumbi mmoja mrefu wa waumini, mnara wa mraba mbele, na nyuma ya madhabahu kile chumba cha nusu duara kiitwacho apsi. Ukishaliweza hili, mengine yote ni kuongeza maboksi.

Skeli kwanza

Tafuta ramani ya sakafu ya kanisa unalolitaka. Makanisa mengi mashuhuri yamechorwa na michoro yake inapatikana. Ukikosa mchoro, picha ya satelaiti itakupa urefu na upana, na kimo utakipata kwenye picha ya mbele iliyopigwa kwa mbali. Picha ya karibu haifai kupimia, maana mnara huonekana umelala kwa nyuma na kusinyaa kileleni. Katika picha hiyo tafuta kitu unachojua kimo chake, mtu mzima aliyesimama mlangoni kwa mfano, kisha hesabu ni mara ngapi kimo chake kinaingia katika ukuta.

Baada ya hapo amua skeli, na uamue ukiwa na rafu yako akilini. Notre-Dame ya Paris ina urefu wa mita 128 hivi. Kwa skeli ya 1:300 itakuwa sentimita 43, yaani inakaa mezani bila ugomvi na watu wa nyumbani. Kanisa la Ulm, Ujerumani, lina mnara wa mita 161.5, kwa skeli hiyo hiyo unapata mnara wa sentimita 54, na kwa 1:100 unapata kitu kirefu kuliko mlezi wa watoto. Majengo makubwa hivyo si ya kuanzia.

Kwa kanisa dogo, 1:100 ndiyo raha, kwa sababu mita moja inakuwa sentimita moja na hesabu inafanyika kichwani. Kanisa letu lina vipimo hivi:

Ukumbi: urefu sm 24, upana sm 9, kuta za ubavuni kimo sm 8. Mgongo wa paa uko sm 6 juu ya kuta hizo, yaani sm 14 kutoka chini.

Mnara: mraba wa sm 6 kwa 6, kimo sm 18, na juu yake mchongoko wa sm 12.

Apsi: nusu duara yenye nusu kipenyo cha sm 3.5, ukuta kimo sm 6.

Vifaa

Karatasi ya manila ya gramu 160 hadi 200 kwa kuta na mapaa. Iliyo nyepesi zaidi inapinda gundi ikikauka; iliyo nzito zaidi inapasuka kwenye mikunjo. Tafuta pia katoni ngumu kwa ajili ya kitako na mbavu za ndani, kisu chenye wembe mpya, rula ya chuma (ya plastiki itachanjwa na kisu kabla hujamaliza ukuta wa kwanza), bikari, kipimapembe, gundi nyeupe, vijiti vya meno vya kupakia gundi, vibanio vya nguo, na kalamu ya wino iliyokwisha wino. Hiyo kalamu usiidharau. Ndiyo itakayotengeneza mifuo, yaani mistari iliyobonyezwa ya kukunjia, na bila mfuo hakuna kona iliyonyooka.

Kabla ya kuchora lolote, ijue karatasi yako. Manila ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ipinde taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuikunja. Inapokubali kwa ulaini, mgongo wa mpindo huo ndio unaozifuata nyuzi. Zitie alama ya mshale kwa penseli. Mikunjo mirefu ifuate mshale huo, na ukuta wa apsi utakaoviringishwa uwe na nyuzi zilizosimama wima. Ukizipuuza, apsi yako itakuwa na pembe pembe kama ndoo iliyogongwa.

Kuchora kuta

Ukuta wa ubavuni ni mstatili wa sm 24 kwa 8. Ukuta wa mwisho una umbo la nyumba ambayo mtoto angechora: upana sm 9, mabega kwenye sm 8, ncha kwenye sm 14. Ukiwa na karatasi ya A3, chora ubavu mmoja na ukuta wa mwisho mmoja vikiwa vimeungana, jumla sm 33, kisha vingine viwili vivyo hivyo. Hapo kona mbili zitakuwa za kukunja, na kona ya kukunja siku zote ni safi kuliko ya kugundisha. Kwa A4 itabidi kila ukuta uwe peke yake.

Mnara unakaa vizuri kwenye A4 iliyolazwa: pande nne za sm 6 zinafanya sm 24, ongeza sikio la sm 0.8, kimo sm 18.

Masikio ya gundi yawe na upana wa milimita 8, na ncha zake zikatwe mshazari ili zisigombane kwenye kona. Weka masikio chini ya kila ukuta kwa ajili ya kugundisha kwenye kitako, na juu ya kuta za ubavuni kwa ajili ya paa. Mapaa yenyewe usiyachore kwa sasa. Najua mkono unawasha.

Ukichora kwa kompyuta, weka kwenye kila ukurasa mstari wa sentimita 10 kamili. Printa nyingi hupunguza ukurasa kidogo ili uingie ndani ya pambizo, bila kukuarifu. Pima mstari huo kwenye karatasi iliyochapwa. Ukikuta sm 9.7, rudi ukachague ukubwa halisi wa asilimia 100. Wino wa majimaji uache ukauke vizuri, la sivyo utachafuka pindi kidole chenye gundi kikiugusa.

Madirisha na rangi, kabla ya kukunja

Hapa ndipo kanisa linapata umri wake, kwa hiyo usikimbie.

Tao ndilo linalotaja zama. Tao la nusu duara ni la mtindo wa Kiromaneski. Tao lenye ncha ni la Kigothiki, mtindo uliochomoza Ufaransa katika karne ya 12, na sehemu ya madhabahu ya kanisa la Saint-Denis iliyowekwa wakfu mwaka 1144 ndiyo hutajwa kuwa mwanzo wake. Kwa tao la duara, weka bikari katikati ya upana wa dirisha na uchore nusu duara. Kwa tao lenye ncha, fungua bikari sawa na upana wote wa dirisha, ichomeke kwenye kona moja ya juu na uchore, kisha kwenye kona ya pili na uchore tena. Mistari miwili itakutana yenyewe kwenye ncha.

Kanisa la Kiromaneski lina madirisha madogo, kwa sababu ukuta wenyewe ndio unaobeba uzito wa paa. Ubavuni weka matano, kila moja upana wa sm 0.8 na kimo sm 2.2, yakianzia juu kidogo ya nusu ya ukuta. Usiyafanye makubwa kwa kupenda mwanga. Nimeona modeli nzuri zikigeuka karakana kwa sababu hiyo.

Kata matundu ya madirisha karatasi ikiwa bado imelala. Anza na tao, mikato mifupi mifupi ukizungusha karatasi badala ya kisu, kisha malizia na mistari iliyonyooka. Nyuma ya kila tundu gundisha kipande kilichopakwa rangi ya kijivu iliyoiva au buluu nzito. Ukitaka kina zaidi, ukuta uwe wa tabaka mbili: kata tundu lile lile kwenye manila ya pili, ligundishe nyuma, ndipo uweke kipande hicho cha rangi. Unene huo mdogo unaleta kivuli, na kivuli ndicho kinachomfanya mtu aone jiwe.

Katika mnara, madirisha ya kengele yana mtego. Upande unaoelekea ukumbi utafunikwa na paa mpaka sm 14, na mnara wote ni sm 18. Zimebaki sm 4 tu. Kwa hiyo madirisha ya kengele yawe na kimo cha sm 2.5, yaanzie sm 14.8 kutoka chini, na yawe hivyo pande zote nne. Mlango mkuu unakaa chini ya mnara, upande wa mbele.

Kwa rangi, penseli za rangi ni salama kuliko rangi za maji, ambazo huifanya manila ijikunje. Usichore kila jiwe. Chora mafungu machache, matatu hapa na manne pale, hasa karibu na kona na chini ya madirisha. Jicho la mtazamaji litajaza yaliyobaki. Chini ya kuta pakolee kidogo, maana ndipo unyevu hupanda kwenye jengo la kweli.

Mfuo, mkunjo, gundi

Weka rula ya chuma kwenye mstari wa kukunja, pitisha kalamu isiyo na wino mara mbili kwa nguvu ya wastani. Unataka kuibonyeza karatasi bila kuichana. Kunja kuelekea upande usio na mfuo, yaani mfuo ubaki nje ya kona. Ukimaliza mikunjo yote, pitisha penseli ya kijivu kwenye kila kona na kila ukingo uliokatwa. Manila nyeupe inayochungulia kwenye kona huisaliti modeli haraka kuliko kosa lolote.

Gundi iwe kidogo. Ipake kwenye sikio kwa kijiti cha meno, isambaze mpaka ing'ae tu, ngoja kama nusu dakika ianze kunata, ndipo ubane. Ikichuruzika, umezidisha.

Kitako na kusimamisha

Kwenye katoni ngumu chora ramani yote ya kanisa kwa ukubwa kamili: mraba wa mnara, mstatili wa ukumbi, nusu duara ya apsi. Chora mstari mmoja wa katikati kuanzia mlangoni hadi nyuma ya madhabahu. Kwa desturi ya zamani madhabahu hukaa mashariki, kwa hiyo andika herufi M upande wa apsi usije ukaligeuza.

Mnara ndio wa kwanza. Gundisha sikio la pembeni, kisha ingiza ndani vipande viwili vya katoni vya mraba wa sm 5.9, kimoja chini na kimoja kama sm 1 kutoka juu, hiki cha juu kikiwa na tundu katikati la kupitisha penseli. Hivyo ndivyo vitakavyouzuia usipinde. Usimamishe kwenye alama zake na uutazame kutoka mbele na ubavuni. Kama umelala, urekebishe gundi ikiwa mbichi. Au uuache, na useme ulikusudia: mchongoko wa kanisa la Chesterfield, Uingereza, umejisokota na kuinama karibu mita tatu kutoka wima, na watu wanasafiri kwenda kuutazama.

Ukumbi unafuata. Kata mbavu mbili za katoni zenye umbo la ukuta wa mwisho, lakini upana uwe sm 8.9. Zisimamishe kwenye sm 8 na sm 16 za urefu, kisha zivishe kuta. Bila mbavu, kuta ndefu hujibinua ndani wiki ya pili hali ya hewa ikibadilika. Ukuta wa mwisho wa magharibi uugundishe uso kwa uso na mnara, mstari wa katikati kwa mstari wa katikati.

Ngoja vikauke. Usiku mmoja unatosha.

Sasa paa

Kwa hesabu, nusu ya upana ni sm 4.5 na kimo cha mgongo ni sm 6. Kanuni ya Pythagoras inasema mteremko ni kipeuo cha pili cha 20.25 ukijumlisha 36, yaani 56.25, ambacho ni sm 7.5. Ongeza nusu sentimita ya upenu kila upande: mteremko mmoja sm 8, paa zima sm 16, mfuo katikati. Urefu ni sm 24 pamoja na nusu sentimita ya upenu upande wa mashariki peke yake, kwa kuwa magharibi pameziba mnara.

Hizo ndizo namba za kwenye karatasi. Sasa chukua ukanda mwembamba wa karatasi, ulaze kutoka ukingo wa ukuta mmoja, upite juu ya mgongo, ushuke hadi ukingo wa pili, na utie alama. Fanya hivyo karibu na mnara, katikati, na mwisho. Kwangu hutoka kati ya sm 15.1 na 15.3 badala ya 15, na mara chache sana sehemu zote tatu hulingana. Kata paa kwa namba zako ukiongeza upenu, za kwangu ziache. Likiwa pana zaidi upande mmoja kwa milimita mbili, hakuna atakayejua. Likiwa fupi, kila mtu atajua.

Vigae au mabamba ya mawe yachore kwa mistari ya mlalo yenye umbali wa milimita 3, penseli ikitetemeka kidogo. Paa la kale lililonyooka mno linaonekana limeezekwa jana.

Apsi

Ukuta wake ni rahisi: nusu duara ya nusu kipenyo cha sm 3.5 ina urefu wa 3.14 mara 3.5, yaani sm 11. Kata mstatili wa sm 11 kwa 6, ongeza masikio pembeni na chini. Yale ya chini yakate meno meno ili yafuate mviringo. Uviringishe kwanza kwenye chupa au penseli nene mpaka ushike umbo lake wenyewe, ndipo utie gundi. Ukuta uliolazimishwa na gundi huja kufumuka.

Paa lake ni nusu ya koni, na hapa wengi huogopa bure. Tunataka upenu wa nusu sentimita, kwa hiyo nusu kipenyo cha chini ni sm 4, na kimo sm 3. Mteremko ni kipeuo cha pili cha 16 ukijumlisha 9, yaani sm 5 kamili. Pembe ya kipande utakachokata ni 180 mara 4 gawanya kwa 5, ambayo ni digrii 144. Fungua bikari sm 5, chora tao, pima digrii 144 kwa kipimapembe, kata. Hapa pia pima kwanza: kama ukuta wa apsi umetanuka hadi sm 3.6, tumia 4.1 badala ya 4, upige hesabu upya. Liweke juu ya ukuta kabla ya gundi, chora kwa penseli mahali linapogusa ukuta wa ukumbi, ndipo upake gundi ndani ya mstari huo.

Mchongoko wa mnara

Kosa la kawaida kabisa ni kukata pembetatu nne za kimo cha sm 12. Kimo cha mchongoko ni sm 12 ukiwa umesimama. Uso wa pembetatu umelala mshazari, kwa hiyo ni mrefu zaidi, sm 12.4, na ukingo wake wa kona ni sm 12.7. Njia ya haraka: fungua bikari sm 12.7, chora tao refu, kisha ifunge hadi sm 6 na utie alama tano juu ya tao hilo moja baada ya nyingine. Unganisha alama hizo kati yao na kwa kitovu. Umepata pembetatu nne zilizoshikana kama kipepeo. Bakisha sikio moja pembeni na masikio manne chini, tia mifuo, kunja, gundisha.

Ukitaka mchongoko wa pembe nane, tao liwe la sm 12.4 na hatua za bikari ziwe sm 2.5, mara nane. Hapo kona nne za mnara zitabaki wazi, uzifunike kwanza na kifuniko bapa cha mraba wa sm 6.

Bila shaka umeshajua nitakachosema kuhusu hiyo sm 6. Pima mdomo wa mnara, pande zote nne. Wangu wa mwisho ulikuwa 6.1, na 6.2 upande wa kaskazini.

Mchongoko usiugundishe. Masikio yake manne yakunje ndani na uyachomeke mdomoni mwa mnara yashike kwa kubana. Siku ukuta wa mnara utakapobonyezwa na kidole cha mgeni, utaufungua, utaingiza penseli kutoka juu na kuusukuma urudi.

Msalaba utengeneze kwa waya wa pini ya karatasi ulionyooshwa: kipande cha sm 1.5 na kingine cha sm 0.7, tone la gundi katikati, vikae juu ya nailoni visije vikanata mezani. Ukate milimita moja ya ncha ya mchongoko kwa mkasi ili waya upite, uushushe ndani, na ushike ukiwa wima mpaka gundi ikubali.